Mnanaa wa Paka: Maana ya Jina Lake, na Swali la Bibi

Somo letu la afya mwezi huu limetokana na pakiti moja ya majani makavu. Ililetwa zahanati na bibi mmoja wa jumuiya yetu siku ya kliniki ya watoto, ikiwa imefungwa kwenye pindo la khanga kama mtu anavyofunga fedha. Bibi alikuwa amemsindikiza mkwe wake, aliyempakata mtoto wa wiki 5. Akina mama walipoanza kutawanyika, bibi alinisogelea.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hapa. Hii ni dawa ya watu au ya paka?"

Kweli, juu ya pakiti kulikuwa na picha ya paka aliyelala chali, miguu juu. Chini yake kulikuwa na neno moja la Kiingereza, catnip, na kwa herufi ndogo sana maelezo kwamba majani hayo ni ya kumchezesha paka.

Habari yenyewe ni hii. Mtoto mwingine wa bibi anaishi Marekani. Aliposikia kwa simu kwamba mtoto mchanga wa nduguye analia kila jioni kwa chango, aliwauliza majirani zake wa huko, nao wakamwambia kwamba tangu zamani bibi zao waliwatuliza watoto wachanga kwa chai ya mmea huo. Akanunua dukani, akampa msafiri. Pakiti ilipofika nyumbani, maneno yakaanza. Jirani mmoja alisema dawa yenye picha ya paka isiingizwe ndani, huo ni uchawi. Mwingine akasema kitu kilichotoka kwa Wazungu hakiwezi kumdhuru mtu, kichemshwe upesi mtoto apone. Bibi hakuridhika na huyu wala yule, akaamua kuja kuuliza. Nami nawaambia kweli, siku ile sikuwa na jibu kamili. Nilimwomba asimpe mtoto chochote kwanza, tukampima mtoto, kisha nikaenda kusoma. Niliyoyapata ndiyo haya.

MMEA WENYEWE

Mmea huu hauna jina la Kiswahili lililozoeleka, maana asili yake si kwetu. Katika somo hili tutauita mnanaa wa paka, kwa sababu ni ndugu wa mnanaa tunaoutia katika chai. Asili yake ni Ulaya ya kusini na mashariki, pamoja na Asia kuanzia Mashariki ya Kati hadi Asia ya Kati. Wazungu waliohamia Amerika walikwenda nao, na leo huko huota wenyewe kando ya barabara na kwenye viwanja vilivyoachwa. Hukua kufikia urefu wa mita 1 hivi. Majani yana umbo la moyo, kingo zake ni kama meno ya msumeno, na yamefunikwa na vinyweleo laini vinavyoyafanya yaonekane ya kijivu. Maua yake ni madogo, meupe, yenye madoa ya zambarau.

Ukitaka kuujua ukoo wake huna haja ya kusafiri. Nenda uani ukachume tawi la kivumbasi. Lizungushe shina lake katikati ya vidole, utahisi pembe nne. Si la mviringo kama mashina mengi. Tazama majani, hutoka mawili mawili yakikabiliana. Sugua jani moja, na harufu itapanda puani. Mnanaa, kivumbasi, rehani na mnanaa wa paka ni wa ukoo mmoja, na alama hizo tatu hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kuzikagua mwenyewe.

JINA LAKE

Sasa tuje kwenye lile neno la pakiti. Catnip ni maneno mawili yaliyoungana. La kwanza ni paka. La pili, nip, hata Waingereza wengi hudhani ni neno lao la kung'ata kidogo, kwa kuwa paka huyatafuna majani hayo. Sivyo. Ni jina la zamani la Kilatini, nepeta, lililofupishwa katika vinywa vya watu kwa karne nyingi, maana kila taifa hulitamka neno la kuazima kwa ulimi wake. Na hilo nepeta lenyewe husimuliwa kwamba lilitokana na mji wa Nepete, ambao siku hizi huitwa Nepi, kaskazini ya Roma.

Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliuandika kwa jina la kitaalamu linalotumika hadi leo, Nepeta cataria. Neno la pili nalo limetokana na neno la Kilatini la paka. Wajerumani huuita Katzenminze, yaani mnanaa wa paka hasa. Wafaransa husema herbe aux chats, majani ya paka. Waitaliano nao wana erba gatta. Waingereza hupenda kusema catmint, na Wamarekani ndio wenye kusema catnip. Mataifa haya yote yaliona jambo lile lile likitokea bustanini, yakaupa mmea jina la mnyama aliyekutwa akigaagaa juu yake. Basi picha ile haikuwa na uchawi wowote. Ilikuwa inatafsiri jina tu.

Jina nepeta limo pia katika orodha ya mimea ambayo Mfalme Karolo Mkuu aliagiza ipandwe katika mashamba yake, yapata mwaka 800. Mmonaki Mbenedikto Walahfrid Strabo, abati wa Reichenau katika nchi ambayo sasa ni Ujerumani, aliyefariki mwaka 849, aliuingiza katika utenzi wake wa Kilatini kuhusu bustani, pamoja na waridi na yungiyungi. Tusishangae kumkuta mtawa akiandika habari za majani. Siku zile wagonjwa wengi walihudumiwa na watawa, na bustani ya monasteri ndiyo iliyokuwa duka la dawa.

Sisi nasi tuna majina ya namna hiyo. Mwarobaini umeitwa hivyo kwa sababu watu walisema unatibu maradhi arobaini. Ipo aina ya kivumbasi ambayo wataalamu huiita Ocimum kilimandscharicum, na hata asiyejua Kilatini ataiona Kilimanjaro ndani yake. Jina moja linasifu, jingine linataja mlima, jingine linamtaja paka. Hakuna hata moja linalosema kipimo ni kiasi gani, wala nani asipewe. Mara ngapi tumesikia mtu akinywesha watoto mwarobaini hata kikombe kizima, na ushahidi wake pekee ni jina!

PAKA HUPATWA NA NINI?

Ndani ya majani mna mafuta yenye kemikali iitwayo nepetalaktoni. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliichunguza na kutoa taarifa yake mwaka 1941. Paka akiinusa hujisugua kidevu na mashavu, hugaagaa, hudondosha mate, na wengine hurukaruka kama wamepandwa na wazimu. Hali hiyo huchukua dakika 5 hadi 15 hivi, kisha humtoka, na inabidi apumzike kwanza kabla majani hayajamshika tena. Pua ndiyo inayofanya kazi hapo, tumbo halihusiki. Wala si kila paka. Takriban wawili katika kila watatu ndio hushikwa, maana ni jambo la kurithi, na watoto wa paka walio wachanga hawajali kabisa. Simba wa bustani za wanyama nao hugaagaa vivyo hivyo, jambo ambalo ningependa kuliona nikiwa nyuma ya ukuta mnene.

Kwa muda mrefu watu walidhani ni ulevi tu. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iwate huko Japani, pamoja na wenzao, walieleza zaidi. Walitumia hasa mmea wa kwao uitwao matatabi, wenye kemikali iliyo karibu sana na nepetalaktoni. Walikuta kwamba mwilini mwa paka huongezeka beta-endofini, kitu ambacho mwili hujitengenezea wenyewe kwa ajili ya kutuliza maumivu na kuleta raha. Walikuta pia kwamba paka aliyejisugua kwenye majani hayo hutuliwa na mbu wachache zaidi. Kumbe yule anayegaagaa anajipaka dawa ya mbu!

Mwanadamu akinusa majani hayo hapati raha ile. Kwetu ni harufu tu, kama ya mnanaa uliochanganyika na nyasi kavu.

JE, YATATUFUKUZIA MBU SISI?

Najua hapo wasomaji wengi wamekaa sawa, hasa nyinyi wa mabondeni na kando ya ziwa. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, walitangaza kwamba nepetalaktoni huwafukuza mbu. Magazeti yakaandika kwamba ni bora mara 10 kuliko DEET, ile kemikali iliyomo katika mafuta mengi ya kujipaka dhidi ya mbu. Lakini jambo hilo lilikuwa la maabara, mbu wakiwa ndani ya bomba la kioo. Juu ya ngozi ya mtu mafuta hayo huruka hewani upesi na kinga yake hupungua, na usiku wa malaria ni mrefu.

Mwaka 2011 ulitolewa utafiti unaotuhusu zaidi, ambao miongoni mwa waliouandika walikuwamo wataalamu wa kituo cha ICIPE cha Nairobi. Mafuta ya mnanaa wa paka yalijaribiwa kwa mbu wa malaria wa Afrika, Anopheles gambiae, na kwa mbu wa Culex, na pia kwa kupe anayeeneza ndigana kali katika ng'ombe wetu. Wote walionyesha kuyakwepa. Wenye ng'ombe wataona umuhimu wake, ila tukumbuke kwamba hayo ni mafuta yaliyokamuliwa kwa mitambo na kupimwa kwa miligramu. Majani makavu ndani ya pakiti hayana nguvu hiyo, na chai yake haina kabisa kazi ya kufukuza mbu wala ya kutibu malaria.

Nao ndugu yake, kivumbasi, hutumiwa na wazee wetu kwa kazi hiyo hiyo, wakikichoma jioni au kukiweka dirishani. Majaribio yaliyofanywa magharibi mwa Kenya kwa mimea ya namna hii iliyopandwa kwenye vyungu yalionyesha kwamba mbu wanaoingia ndani hupungua. Kipande, kipande! Ila wanaobaki hawajafunga, na mmoja mwenye vimelea anatosha kumlaza mtoto. Weka chungu chako cha kivumbasi mlangoni ukipenda, kisha mtoto na mama yake walale ndani ya chandarua chenye dawa, kilichochomekwa vizuri chini ya godoro.

CHAI YAKE, NA MTOTO MCHANGA

Huko Ulaya na Amerika chai ya mnanaa wa paka imenywewa kwa miaka mingi ili kupata usingizi, kutuliza gesi tumboni na kupunguza mafua. Mtu mzima mwenye afya akinywa kikombe chepesi cha chai iliyotengenezwa kwa ajili ya watu, kwa kawaida hapati madhara, pengine atasinzia. Akizidisha anaweza kuumwa kichwa na kutapika. Mama mjamzito asiinywe, maana imehesabiwa tangu zamani kati ya majani yanayoamsha mji wa mimba. Anayetumia dawa za usingizi au za kifafa naye asiichanganye bila kumwuliza daktari. Na pakiti ya kuchezeshea paka isinywewe na mtu yeyote, kwa kuwa haikusafishwa wala kukaguliwa kama chakula cha watu.

Kwa mtoto mchanga neno langu ni moja: asipewe. Mwaka 1997 madaktari wa Marekani waliandika habari za mtoto wa miezi 19 aliyekula zabibu zilizolowekwa katika chai hiyo na kutafuna kifuko cha majani yake. Alizubaa na kulemewa, fahamu zake hazikuwa za kawaida. Mtoto yule alikuwa anatembea. Mjukuu wa bibi yetu alikuwa na wiki 5.

Wazazi na tufikiri kidogo hapa. Mtoto akinyamaza baada ya kunywa majani, tunasema amepona. Huenda amelewa usingizi tu. Mtoto mchanga aliyelewa usingizi hanyonyi, na mtoto asiyenyonya kwa saa nyingi hulegea na mwili kupoa. Tena kama kilio chake kilikuwa cha homa au cha utumbo uliojifunga, tumekizima kile kilio ambacho kingetufanya tumkimbize hospitali. Na hata majani yangekuwa hayana ubaya, vijiko vya maji hujaza tumbo dogo, maziwa hayapati nafasi, na kikombe kisichochemshwa huleta kuharisha. Ndiyo maana kliniki tunasisitiza maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, bila maji wala chai, isipokuwa dawa aliyoandikiwa mtoto. Neno hilo linagusa pia majani ya uani kwetu. Sijaandika haya ili tucheke ya Wamarekani.

Sasa chango chenyewe. Kilio cha jioni huanza kwa watoto wengi wakiwa na wiki 2 au 3, hupanda hadi kufikia wiki ya 6 hivi, kisha hupungua, na kwa kawaida hukoma wakifika miezi 3 au 4. Mtoto hukunja miguu, hukunja uso, hulia kwa saa nzima na zaidi, kisha hunyonya vizuri na kulala kama si yeye. Uzito wake katika kadi hupanda. Mtoto wa namna hii si mgonjwa. Mcheulishe kila baada ya kunyonya kwa kumweka begani na kumpapasa mgongo. Mpakate kifua kwa kifua, tembea naye, mwimbie, punguza taa na kelele. Kazi hiyo si ya mama peke yake. Baba naye ana bega. Ikiwa umechoka hata hasira inakupanda, mlaze mtoto mahali salama, toka nje dakika chache, mwite jirani. Usimtikise kamwe. Kumtikisa mtoto mchanga huumiza ubongo wake.

Lakini usisubiri kesho ukiona mojawapo ya haya: mtoto amekataa kunyonya, ana homa au mwili umekuwa baridi, anatapika matapishi ya kijani, ana damu katika choo, tumbo limevimba na kuwa gumu, utosi umetuna, anapumua kwa haraka au kwa shida, amelegea, au ametikisika kwa degedege. Mtoto aliye chini ya miezi 2 mwenye homa apelekwe saa ile ile, hata kama ni usiku, hata kama jana alikuwa kliniki.

Mjukuu wa bibi hakuwa na lolote katika hayo. Mizani ilionyesha ameongezeka vizuri tangu kuzaliwa, na alinyonya mbele yetu kwa nguvu. Aliyekuwa na hali mbaya ni mama yake, ambaye hakuwa amelala usiku mzima kwa karibu wiki mbili, na hakuna aliyekuwa amemwuliza. Tulikaa naye kwa muda mrefu kuliko tulivyokaa na pakiti.

Bibi alirudi kliniki mwezi uliofuata. Nilimwuliza habari za mtoto. Akasema bado analia jioni, ila si kama zamani, na sasa baba yake ndiye anayezunguka naye uani mama akipata kulala.

"Na yale majani, bibi?"

"Nilimpa mwenye picha yake," akasema. Alikuwa amemwagia paka wake wa jikoni konzi moja. Paka alinusa, akapiga chafya, akarudi kulala kando ya meko.

"Basi huyo wako ni yule wa tatu," nikamwambia.